Nyumba ya Mhindi Ipo

Machi 3

Wanangu wa Mhezi, washikaji zangu wa kijijini, daftari hili nalianza leo ili siku mkilisoma mpate wivu taratibu, msije mkaupata wote kwa mkupuo mkazimia. Mimi Paschal, niliyeacha shule kidato cha pili (na msiseme shule ndiyo iliniacha, mimi ndiye niliyetangulia kutoka mlangoni), sasa naishi ushuani. Mtaa unaitwa Kwa Wastaafu, uko chini ya mlima, juu kidogo ya Same mjini. Kila nyumba ina bati la msauzi, uzio wa umeme, kamera na mbwa mwenye afya kuliko Clemence wa kwa fundi baiskeli.

Dada Asteria ameolewa na Yahaya, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi stendi. Wamemaliza kujenga, wamehamia, wakanileta na mimi. Kazi yangu ni kumwinua Bi Fadhila, mama yake Yahaya, kwa sababu kiharusi kilimchukua miguu. Namtoa kitandani, namweka kwenye kiti cha magurudumu, namsukuma kibarazani. Ila andikeni vizuri: mimi si mfanyakazi. Mimi ni shemeji wa nyumba.

Geti letu linafunguka lenyewe kwa rimoti. Leo nimelifungua na kulifunga mpaka Yahaya akaninyang'anya rimoti.

Machi 5

Jirani wa kulia amekuja, Mama Ernesta, mwenye malori ya kubeba jasi kutoka Makanya. Amemkuta dada anafagia kibaraza.

"We binti, mwite mama mwenye nyumba."

Dada akaweka ufagio chini. "Nimeshaitika, mama. Karibu."

Mama Ernesta akamwangalia juu mpaka chini, akaniangalia mimi, akamwangalia Bi Fadhila kwenye kiti. "Aaa. Basi nitakuja siku nyingine."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada hakucheka. Usiku huo alilala na gauni la kanisani juu ya kiti, limepigwa pasi, kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

Machi 8

Mzee Sylvester wa nyumba ya mbele ndiye mwenyekiti wa wakazi. Mstaafu wa forodha. Ana Prado nyeupe, ana kofia ya pama, na anatembea kama barabara aliinunua. Huyu ndiye mzee ninayetaka kuwa nikizeeka. Nimempa shikamoo ya nguvu, ile ya kuinama.

Hakujibu. Labda hakusikia.

Machi 9

Shikamoo nyingine. Hakusikia tena.

Machi 14

Mvua imeanza. Nyuma ya nyumba yetu kuna korongo linaloshuka kutoka mlimani. Wakati wa kiangazi ni mchanga na mbuzi tu. Leo limepitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Bi Fadhila ameniambia nizime redio.

"Paschal, sikiliza. Yale ni mawe?"

"Ni mvua tu, bibi."

"Mvua haigongani." Akanishika mkono. Vidole vyake ni vyembamba lakini vinabana. "Maji yakija humu, nani atanibeba?"

Nikamwambia, bibi, mimi nimeshusha magunia ya tangawizi kutoka Mhezi mpaka barabarani, gunia moja linakuzidi wewe na kiti chako. Nitakubeba kwa mkono mmoja na mwingine nitakula muwa. Akacheka. Akaniuliza kama geti nimefunga. Kila jioni anauliza hivyohivyo. "Geti umefunga, baba?" Anaogopa wezi.

Mlinzi wa kwa Mama Ernesta ameniambia mtaa una grupu la WhatsApp. Kila kitu kinapita humo: wezi, umeme kukatika, chui aliyeonekana, arusi. Sisi hatumo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wanasema Wahindi hawapendi kusumbuliwa." Nikamwambia mimi si Mhindi. Akasema, "Wewe nani amekuuliza?"

Machi 23

Leo nimeaibika, wanangu. Asubuhi pembe imelia huko chini ya barabara kuu, kwenye nyumba za udongo na bati kuukuu. Nyie mnaijua pembe ile. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Walikuwa wanaitana kwenda kuzibua mtaro na kushindilia ukingo wa ndiva, lile bwawa la wazee huko juu ya korongo linalokusanya maji ya mashamba.

Kwa Wastaafu hakuna aliyetikisika. Huku wanatuma elfu kumi kwa mjumbe, mambo yameisha. Nikamweleza Yahaya hivyo, nikimfundisha ustaarabu. Yeye akaingia stoo, akatoka na jembe na sururu.

"Shemeji," nikamwambia, "huku hatuchimbi."

"Wewe ulikotoka pembe ikilia mnafanyaje?"

"Kule ni kijijini!"

"Chukua sururu," akasema.

Na amefunga, wanangu! Ramadhani hii! Tukatelemka barabarani, Mhindi na jembe begani, mimi nyuma yake nimevuta kofia mpaka puani. Mzee Sylvester alikuwa anaosha Prado. Akazima maji ili atazame vizuri.

Msaragambo wa huko unaongozwa na mama mmoja anaitwa Devotha, anauza makande stendi, sauti yake unaweza kuitundikia nguo. Kabla ya kazi anaita nyumba moja moja: "Nyumba ya Eliamini ipo?" "Ipo!" "Nyumba ya mama Tausi ipo?" "Ipo!" Nyumba isiyoitika, vijana wanatumwa kuangalia kuna nini. Akiwa mgonjwa anapelekewa uji. Akiwa mvivu wanaondoka na jogoo wake.

Alipotufikia akasimama. "Na hawa?"

"Andika tu nyumba ya Mhindi," mtu mmoja akasema, watu wakacheka.

Devotha hakuandika, haandiki kitu, anaweka kichwani. "Haya, nyumba ya Mhindi ipo?"

Yahaya akamjibu kwa Kipare kile cha kina cha Gonja, kirefu, na mzaha ndani yake. Sikukielewa chote. Watu walilala chini kwa kicheko. Kumbe babu yake alikuwa na duka Gonja, na yeye alizaliwa huko, amekula makande na kuchapwa na mapadri kama sisi. Devotha akasema, "We Mhindi, ungesema mapema. Sasa unachimba au unapapasa?"

Alichimba mpaka adhuhuri. Wakamlazimisha akae kivulini kwa sababu ya swaumu. Mimi nilichimba pia, na si kujisifu, lakini upande wangu wa mtaro ndio ulionyooka.

Machi 24

Shikamoo kwa Mzee Sylvester. Leo amejibu kitu. Amesema, "Mwambie bosi wako mtaa huu una hadhi yake."

Nimemwambia Yahaya. Alikuwa anakata kucha za mama yake. Akasema bila kuinua uso, "Babu yangu kazikwa Gonja. Baba yangu kazikwa Same. Hivi ugeni unaisha kaburi la ngapi?"

Nikaokota zile kucha nikazitupa nje.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 6

Nimetoka dukani jioni na mkate. Gari la walinzi wa doria limenisimamisha mbele ya geti letu wenyewe. Wamenimulika tochi usoni.

"Unaishi wapi?"

"Hapa."

"Hapa kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu."

"Hapa ni kwa Mhindi. Shemeji yako vipi?"

Mmoja akanipiga picha na simu yake. Wa pili akauchukua mkate, akaubonyeza, akanirudishia. Nilitaka kumtolea maneno, mnajua ulimi wangu. Badala yake nilibonyeza kengele, nikaogopa dada asije akachelewa kufungua, kwa sababu akichelewa itaonekana si kwetu.

Sikumwambia mtu. Nimewaambia nyie.

Aprili 10

Iddi. Yahaya amepika biriani mwenyewe. Dada amepakia sahani: mbili za Devotha na watu wa msaragambo, moja ya Mama Ernesta, moja ya Mzee Sylvester, zimefunikwa na vitambaa vya dada vya arusi. Nimezipeleka mimi.

Aprili 12

Sahani za Devotha zimerudi, moja na maharage mabichi, nyingine na mayai. Za Kwa Wastaafu hazijarudi. Nimechungulia juu ya ukuta wa Mama Ernesta. Sahani yetu iko kwenye banda la mbwa, imelambwa mpaka inang'aa.

Nimemwambia dada kwamba Mama Ernesta kasifu sana biriani.

Aprili 17

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa nyuma umeanza kutoa jasho.

Aprili 18

Mvua. Mawe yanatembea korongoni. Sasa nayasikia hata mimi, na mtu akisema ni ngurumo nitamwelewa, nami nataka iwe ngurumo. Bi Fadhila hali chakula vizuri. Hageuzi uso kutoka dirisha la nyuma.

Aprili 20

Mvua. Shikamoo yangu kwa Mzee Sylvester bado iko barabarani, imelowa.

Aprili 22

Yahaya ameenda Moshi kuchukua mabati na nondo. Atarudi baada ya siku tatu. Bi Fadhila ameuliza, "Geti umefunga, baba?" Nikasema nimefunga. Kisha akauliza kitu ambacho hajawahi: "Na linafunguka?"

Nikacheka. Geti la rimoti, bibi! Linafunguka lenyewe.

Aprili 25

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi umeme ulikatika. Mvua ilikuwa imepumzika, na ule ukimya ndio uliotutoa nje mimi na dada. Tukasikia magari. Prado ya Mzee Sylvester ilitoka kwanza. Kisha Mama Ernesta na mbwa wake watatu kwenye siti ya nyuma, na televisheni imefungwa shuka. Kisha nyumba ya kona. Kisha wote. Nilichungulia kwenye upenyo wa geti nikawapungia mkono, nikidhani labda kuna arusi. Mama Ernesta aliniona. Tuliangaliana macho kwa macho. Akapandisha kioo.

Baada ya hapo mtaa ukawa mtupu. Hakuna mlinzi. Hakuna mbwa. Wanangu, hamjui mtaa wa kishua usio na mbwa unavyotisha. Mapazia yote yamefungwa, milango yote imefungwa, na wewe hujui ni kitu gani ambacho wenzako wote wanakijua.

"Wameenda wapi?" dada akauliza.

"Kanisani," nikasema. Alhamisi.

Tukampigia Yahaya. Alikuwa njiani anarudi, amekwama, barabara imejaa maji mbele yake upande wa Lembeni. Akasema, "Fungueni geti, mtoeni mama, nendeni juu ya barabara." Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Bila umeme geti lile ni ukuta tu wenye magurudumu, na ufunguo wake wa mkono ulikuwa kwenye shada la funguo za gari. Shada liko mfukoni mwa Yahaya, Lembeni.

Halafu likaja. Sikusikia maji, nilisikia mlima unakohoa. Ukuta wa nyuma ukafunguka sehemu moja, kama mdomo, na tope likaingia na matawi na mbuzi mmoja aliyekufa. Likajaza uwanja. Halikuwa na pa kutokea, kwa sababu kuta zetu za mbele ni nzuri, Yahaya alizijenga kwa saruji ya dukani kwake. Nyumba ya mamilioni, wanangu, ikawa beseni.

Tulimweka Bi Fadhila juu ya meza ya chakula, kibarazani. Maji yalifika vifundoni, kisha magotini. Nikasema nampandisha ukutani. Nikamshika mabegani, nikavuta. Yule mama si gunia la tangawizi. Gunia halikushiki shingo. Gunia halitetemeki. Nilimwinua, nikateleza, tukaanguka wote wawili, akanywa lile tope. Dada alimtoa. Mimi nilikuwa nimeshasimama nimeshika kizibao changu kana kwamba ndicho kinachozama.

Nikawaambia naenda kutafuta msaada. Nikapanda ukuta wa mbele. Umeme wa uzio ulikuwa umekufa, miiba ilinichana tumbo, ila nilifika juu. Barabara ilikuwa pale chini, ngumu, nyeusi, yangu. Hakuna mtu. Ningeruka ningekuwa salama. Mguu mmoja niliupitisha. Nasema kweli, niliupitisha.

Nyuma yangu nikamsikia Bi Fadhila anaita. Haniiti mimi nimwokoe. Anasema, "Asteria, na wewe panda. Panda, mwanangu. Niacheni na meza yangu." Na dada anamjibu, "Nyamaza, mama, shika hapa." Dada yangu, wa Mhezi, hajui kuogelea hata kwenye karai.

Nikaurudisha mguu. Sijui kwa nini. Nilikuwa nalia na natukana kwa pamoja.

Hapo ndipo nikasikia pembe. Mara moja. Tena. Halafu mfululizo bila kupumua, kule chini ya barabara kuu. Nikapiga kelele mpaka koo likachanika, lakini mvua ilikuwa imerudi na sauti yangu ikawa inaishia kwenye kofia.

Walikuja watu kumi na kitu, na majembe, na Devotha mbele amefunga khanga kichwani. Sikuamini. Nikampa shikamoo kutoka juu ya ukuta, kama mwehu.

"Marahaba! Marahaba ya jana na ya leo! Shuka upande wa ndani, usimame mbali na ukuta!" Akaligonga geti mara moja tu, akaachana nalo. "Pigeni hapa. Huu ukuta ndio ndoo yao."

Sururu zikalia. Tofali la kwanza lilipotoka maji yalichomoka kama risasi, yakamwangusha Eliamini. Wakaongeza tundu mpaka ng'ombe angepita. Uwanja ukaanza kushuka. Wakaingia, wakamtoa Bi Fadhila na meza yake, akiwa juu yake, vijana watatu upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Kwa mikono miwili.

Njiani nilimuuliza Devotha alijuaje. Akanishangaa. "Ukingo wa ndiva umepasuka, pembe imelia, watu wamekusanyika mwinuko wa stesheni, nimeita nyumba. Nyumba ya Mhindi haikuitika."

"Hayo tu?"

"Ulitaka nikutumie kadi?"

Aprili 26

Tumelala kwa Devotha. Bi Fadhila ana homa lakini amekunywa uji. Yahaya amefika alfajiri kwa miguu, matope mpaka kifuani. Amemshika mama yake miguu ile isiyosikia. Kisha akaja nje, akanikumbatia. Ananuka dizeli. Niliwahi kumwita Mhindi koko mbele ya rafiki zangu stendi, wakacheka sana. Leo nimekumbuka kile kicheko, sikukipenda.

Aprili 28

Tumerudi kutoa tope. Mafundi wa Yahaya wamekuja na tofali za kuziba tundu la ukuta. Amewarudisha. "La nyuma zibeni. Hilo la mbele liacheni." Fundi akadhani hakusikia vizuri.

Mzee Sylvester amekuja na viatu vya mvua. Nyumba yake haikuguswa. Alisimama kwenye tundu, hakuingia.

"Poleni. Tungewajulisha kuwa ndiva inapasuka, ila hamkuwa kwenye grupu."

"Hatukuingizwa," dada akasema.

"Tulidhani hampendi kusumbuliwa. Basi nitawaingiza leo. Na hili tundu, bwana Yahaya, mtaliziba lini? Linashusha hadhi, na usalama wa wote." Kisha akaniona. "Kijana, hujambo?"

Nilikuwa na shikamoo mdomoni. Nikaimeza.

Yahaya akampa namba yangu badala ya yake. "Mwingize huyu. Ndiye anayeshinda na simu."

Aprili 29

Nimo. Wanangu, niko kwenye grupu la Wakazi Kwa Wastaafu. Nilikaa kibarazani na Bi Fadhila kusubiri ujumbe wangu wa kwanza wa kishua.

Umefika saa nne asubuhi, kutoka kwa Mama Ernesta. Ni picha ya kamera ya geti lake, ile ya sola. Siku ya maji. Watu wana majembe na sururu, wamelowa, wanatoka kwenye tundu la ukuta wamebeba kitu kirefu juu ya meza. Chini ameandika: *Jamani watu hawa wameonekana tulipokuwa hatupo. Wamevunja ukuta na kutoka na vitu. Tuwe macho. Nani anawajua?*

Mzee Sylvester akajibu: *Picha ipelekwe polisi. Huyo wa mwisho doria wana picha yake.*

Wa mwisho ni mimi.

Wakaendelea. Mmoja anasema waletwe mbwa zaidi. Mwingine anasema wa chini ya barabara wamezidi, tuliwavumilia sana. Ujumbe juu ya ujumbe. Kwenye maji nilijua kinachokuja. Hapa sijui. Wana picha ya uso wangu, ya Eliamini, ya Devotha anacheka na mvua mdomoni.

Dada akasema futa, toka humo. Yahaya akasema fanya unavyoona.

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena. Mimi ambaye maneno hayajawahi kuniisha:

*Shikamooni. Aliyebebwa ni Bi Fadhila. Anayemshika miguu ni mimi Paschal. Wengine ni msaragambo. Nyumba ya Mhindi ipo.*

Alama zimegeuka bluu. Wameona wote. Tangu saa nne mpaka sasa jua linazama, hakuna aliyejibu.

Mawingu yamekaa tena juu ya mlima. Bi Fadhila ameuliza, "Geti umefunga, baba?"

Nikamwambia geti nimefunga, bibi, lakini tundu liko wazi.

"Haya," akasema. Akafumba macho.

Jembe nimeliweka mlangoni. Nasikiliza pembe.